Singa Ukutani

Siku ile ardhi ilipotikisika, saa nane na dakika chache mchana,
kikombe kilitembea chenyewe juu ya meza
mpaka ukingoni, kikasita.
Bi Mwanakombo alikirudisha kwa kidole
kama amrudishaye mtoto kwenye mstari.
Kisha akageuka, akauona ufa.

Ulianzia pembe ya dirisha
ukashuka mshazari hadi kizingitini,
ngazi kwa ngazi, ukifuata viungo vya mawe,
kama mtu anayeijua nyumba.

Nyumba ya Ngamiani, matumbawe na chokaa,
ukuta unene wake dhiraa,
uliozoea mzigo wa kutoka juu tu:
dari, bati, paka wawili, mvua ya vuli.
Kusukumwa ubavuni haukufundishwa.
Jiwe halina ubishi likielemewa;
likivutwa ndipo huachia.

"Usipoziba ufa," akaanza kunisomea.
Nikamwambia, Bibi, mwisho wake naujua.
Methali imetuhimiza kuziba,
haikutaja kwa kitu gani.
Mimi mwenyewe, hapa hapa, miaka sita nyuma,
niliziba kwa saruji. Tazama:
saruji ipo nzima, ufa umepita pembeni yake.

Kwa hiyo nimekuja na nguo.

Nguo ya singa, katani yetu, iliyofumwa mistari,
na ndoo mbili za gundi,
moja nzito kama asali, moja kama maji ya mchele.
Mbili kwa moja, koroga taratibu.
Karatasi yake inasema dakika arobaini;
kwa joto la Tanga hesabu ishirini na tano,
halafu ndoo inafuka moshi na pesa yako imekuwa jiwe.

Tulibandua lipu mpaka mawe yakaona aibu.
Saguti alisugua chumvi kwa brashi ya waya,
akapiga chafya tangu asubuhi hadi adhuhuri.
Ukuta mchafu huipokea nguo mchana,
usiku huivua.

Mama yangu alisimama miaka kumi na tisa penye korona, Ngomeni,
akiilisha mashine majani ya mkonge,
utomvu ukimla vidole.
Singa zikatoka upande wa pili nyeupe kama mvi,
zikaenda kuwa kamba za watu wa mbali.
Ndipo nailoni ikaja. Korona ikanyamaza.
Mama hakuruhusu kamba ya plastiki kuvuka mlango wetu;
hata mbuzi tulimfunga kwa katani, akaitafuna, akaondoka.

Mama, nisamehe. Leo nimewaozesha.
Katani imelala ndani ya plastiki,
nikapitisha rola juu yao, kutoka katikati kwenda nje,
nikiyafukuza mapovu, moja moja,
mpaka sikujua yupi amemshika mwenzake.

Mikanda miwili ya mshazari, mmoja wa kulala chini ya dari,
ncha zake nimezizamisha kwenye msingi.
Sikuufunika wote. Ukuta wa chokaa hupumua;
ukiuziba pua, jasho litakaa nyuma ya nguo
na siku moja vyote vitadondoka kama gamba.
Mtoto hubebwa kwa mbeleko, si kwa gunia.

"Sasa haianguki tena?"
Nilitamani kusema ndiyo,
malipo ya mwisho yalikuwa bado mkononi mwake.
Nikasema: Itapasuka, Bibi. Itapasuka na kubaki imesimama
muda wa kutosha wewe kutoka na miwani yako.
Akacheka, akahesabu noti, akazuia elfu ishirini.

Leo nimerudi na sarafu ya mia mbili.
Nagonga shibiri kwa shibiri, sikio karibu.
Ko. Ko. Ko.
Panaposhikana, sauti ni fupi.
Chini ya dirisha: pu.
Pana uwazi, ukubwa wa andazi.

Nimeuzungushia chaki.
Saguti kaenda kutafuta bomba la sindano.
Elfu ishirini zile, kumbe,
alizizuia kwa haki.